Anayeandika Dawa Si Anayeimeza

Mzee mmoja kutoka Sikonge alisimama mbele ya dirisha la duka la dawa nililokuwa nikifanya kazi mjini Tabora, akanipa cheti kilichokunjwa mara nne. Ilikuwa dawa ya presha, kidonge kimoja kila asubuhi, mwezi mzima. Daktari hakuandika amlodipini, ambalo ndilo jina la dawa yenyewe. Aliandika jina la kibiashara la kampuni moja. Rafuni kwangu zilikuwapo zote mbili, ile yenye jina kubwa na ile isiyojulikana, miligramu zilezile, zote zimesajiliwa. Bei ndiyo iliyozitenganisha: ya kwanza ilikaribia mara tano ya ya pili.

"Babu, ipo nyingine, dawa ni hiyohiyo ila bei nafuu."

"Daktari kaandika hii, mwanangu. Au wewe ndiye daktari?"

Akahesabu fedha zake, akaomba vidonge kumi badala ya thelathini. Presha haitibiwi siku kumi kwa mwezi. Nikamwomba angoje kidogo, nikachukua simu nimpigie aliyeandika. Nitarudi kwenye simu hiyo, maana kabla haijapokelewa nilikuwa nimeshaanza kujiuliza jambo ambalo sijaacha kujiuliza hadi leo: jina lile lilifikaje kwenye kalamu ya daktari?

Ukienda Soko Kuu la Tabora kununua asali, muuzaji atakudondoshea tone kiganjani. Unalamba. Kama ina moshi mwingi utajua, kama imetiwa sukari utashuku, na ukikubali, fedha ni zako na mdomo ni wako. Dawa ya cheti haiuzwi hivyo. Anayechagua ni daktari. Anayelipa ni mgonjwa, au bima yake, au mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Anayemeza ni mgonjwa, na hata akimeza ulimi wake hautamwambia kitu, kwa sababu presha haiumi ikipanda wala haifurahishi ikishuka. Muuzaji mwenye akili hapotezi muda na mlaji wa namna hii. Anamwonjesha yule anayechagua.

Na sheria zenyewe zinamsukuma huko. Katika nchi zilizoendelea ni Marekani na New Zealand tu zinazoruhusu kampuni kuitangaza dawa ya cheti moja kwa moja kwa wananchi, kwa redio na televisheni kama sabuni. Hapa kwetu, sheria ya mwaka 2003 ya chakula, dawa na vipodozi iliweka matangazo ya dawa chini ya mamlaka ambayo tangu 2019 inaitwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na ofisi yake ya Kanda ya Magharibi iko hapahapa Tabora. Fikra iliyo nyuma ya mpangilio huu inaeleweka: mwananchi anaweza kulaghaiwa, daktari amesoma, atachuja. Kwa hiyo acha kampuni izungumze na daktari.

Swali ni kama daktari anachuja kweli, na kama tangazo lenyewe limeandikwa ili lichujike.

Mei 1988 Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha vigezo vya maadili vya kutangaza dawa. Tangazo kwa daktari linatakiwa kutaja jina la kiungo chenyewe na si la kibiashara peke yake, matumizi yaliyoidhinishwa, dozi, madhara makubwa, wasiopaswa kuitumia, dawa zisizopatana nayo, na marejeo ya kitaalamu. Vigezo hivyo havimfungi mtu kisheria mpaka nchi ivitungie sheria. Soma orodha hiyo, kisha chukua kipeperushi chochote kilichoachwa mezani kwa daktari. Upande wa mbele kuna mama anatabasamu, mshale unapanda, na namba moja kubwa. Madhara yako nyuma, chini, kwa herufi ambazo mzee wangu wa Sikonge angezidhania mchwa.

Uongo wa wazi ni nadra katika matangazo haya, kwa sababu uongo wa wazi hukamatwa. Kinachofanyika ni ustadi zaidi: sentensi za kweli zinapangwa hivi kwamba swali la maana linakosa pa kukaa. Mfano ninaoupenda ni wa Lipitor, dawa ya kushusha kolesteroli ya kampuni ya Pfizer. Huo ulikuwa wa wananchi wa Marekani, lakini hesabu yake ndiyo ileile wanayoonyeshwa madaktari. Tangazo lilisema kwa herufi kubwa kwamba dawa inapunguza hatari ya shambulio la moyo kwa asilimia 36. Pembeni ya namba palikuwa na kinyota. Ukikifuata chini unakuta maelezo: katika utafiti mkubwa, asilimia 3 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa walipata shambulio la moyo, ikilinganishwa na asilimia 2 ya waliotumia Lipitor.

Tuifanye hesabu hiyo kwa watu. Jaza mabehewa mawili ya treni ya Kigoma, watu mia kila behewa, wote wana presha na sababu nyingine za hatari, lakini moyo wao haujawahi kushambuliwa. Behewa la kwanza wasipewe dawa, la pili wapewe kila siku kwa miaka mitatu na ushee. Mwishoni behewa la kwanza lina watu watatu waliopata shambulio, la pili lina wawili. Kutoka tatu kwenda karibu mbili ni punguzo la theluthi moja na kidogo, ndiyo ile 36. Hakuna aliyesema uongo. Lakini katika mia waliomeza kidonge kila siku kwa miaka yote hiyo, aliyeepushwa shambulio ni mmoja. Tisini na saba wasingepata hata bila dawa, na wawili walipata pamoja na dawa.

Dawa hiyo haina ubaya kwa sababu ya hesabu hii. Kwa mtu ambaye moyo umeshamshambulia, faida ni kubwa zaidi, na daktari anayemwandikia anafanya sawa. Ninachosema ni kwamba "asilimia 36" na "mmoja katika mia" ni habari moja iliyovaa nguo mbili, na tangazo daima huja limevaa kanzu ya Idi. Ukitaka kuona ujanja ukikamilika, tazama madhara yanavyoandikwa kwenye kipeperushi kilekile: hapo ghafla namba zinageuka kuwa "mmoja katika mia" au "nadra". Faida kwa asilimia za kulinganisha, madhara kwa idadi ya watu. Kipimo kinabadilishwa katikati ya mizani.

Daktari atasema, basi angalia marejeo. Watafiti wa Hispania waliyaangalia, na mwaka 2003 jarida la The Lancet likachapisha walichokuta. Walichukua matangazo ya dawa za presha na za kolesteroli kwenye majarida ya madaktari wa huko, wakakusanya madai yaliyosindikizwa na marejeo, kisha wakafanya kazi ambayo hakuna daktari mwenye foleni angeifanya: waliyatafuta marejeo hayo moja moja na kuyasoma. Madai 102 yaliweza kukaguliwa. Katika 45 kati yake, karibu nusu, rejeo halikuunga mkono kilichodaiwa. Sababu iliyojirudia zaidi ni kwamba dawa ilijaribiwa kwa kundi moja la wagonjwa na kutangaziwa kundi jingine.

Sasa mweke daktari wa hospitali ya wilaya mahali pa watafiti hao. Foleni imeanza saa moja asubuhi, jarida lililotajwa linalipiwa kwa dola, na bando lake la intaneti ni la kununua mwenyewe. Ile namba ndogo ya rejeo inayoning'inia juu ya sentensi haipo ili isomwe. Ipo kama muhuri.

Na muhuri unaweza kuua. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya aya moja. Waandishi wake walisema wamepitia kumbukumbu za wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za maumivu za jamii ya afyuni wakiwa wamelazwa, wakakuta wanne tu waliopata uraibu. Wamelazwa, chini ya macho ya wauguzi, wengi kwa muda mfupi. Miaka ikapita, na barua ile ikawa msingi wa kusema kwamba dawa hizo haziraibishi, hata kwa mtu anayezibeba nyumbani na kuzimeza miezi na miezi. Mwaka 2017 jarida lilelile lilichapisha hesabu: barua ilikuwa imetajwa na waandishi wengine mara 608, wengi wao wakiitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na wengi zaidi bila kutaja kwamba wagonjwa wale walikuwa wodini. OxyContin ya kampuni ya Purdue iliingia sokoni Marekani mwaka 1996 ikisukumwa na kundi kubwa la wawakilishi wa mauzo. Mwaka 2007 kampuni iliyohusika ilikiri mahakamani kwamba iliipotosha jamii ya madaktari kuhusu hatari ya uraibu. Vifo vilikuwa vimeshaanza kuhesabiwa.

Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo ya kampuni ya Merck, inafundisha jambo jingine: tangazo linavyokabili swali gumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliilinganisha na naproksini, dawa ya zamani. Vioxx haikuumiza tumbo sana kama naproksini, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake. Lakini walioitumia walipata mashambulio ya moyo wanne katika elfu, dhidi ya mmoja katika elfu kwa naproksini. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba si Vioxx inayodhuru, ni naproksini inayolinda moyo. Jarida lililouchapisha utafiti huo liliuza nakala zaidi ya laki tisa za makala hiyo, nyingi kwa Merck yenyewe, zikagawiwe kwa madaktari. Baadaye bunge la Marekani likaanika nyaraka za mafunzo ya wawakilishi wa mauzo, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kadi. Kila kadi ilibeba swali ambalo daktari angeweza kuuliza, likiwamo la moyo, na mchezo ulimfundisha mwakilishi kulikwepa. Uliitwa Dodge Ball. Watoto wetu wa mtaani wanauita rede, na hata wao wanajua kwamba anayekwepa mpira hajaujibu. Dawa iliondolewa sokoni Septemba 2004.

Hapa msomaji anaweza kuwaza kwamba haya ni ya kwao, sisi huku hatuna hata madaktari wa kutosha wa kutangaziwa. Ingekuwa hivyo ningefurahi. Daktari Mwingereza John Yudkin, aliyefanya kazi nchini mwetu miaka ya 1970, aliandika kwamba Tanzania ya wakati ule ilikuwa na mwakilishi mmoja wa kampuni ya dawa kwa kila madaktari wanne, uwiano mkubwa kuliko wa Uingereza. Nchi iliyokosa waganga haikukosa wauzaji. Na akili ya biashara ni rahisi: pale madaktari wanapokuwa wachache, kalamu ya kila mmoja ina wagonjwa wengi nyuma yake.

Mwakilishi mwenyewe si mtu mbaya, na makala nyingi zinazomchora kama fisi zinanichosha. Mara nyingi ni mfamasia au tabibu kijana aliyemaliza chuo akakosa ajira. Anashuka kwenye basi la Mwanza akiwa amechoka, shati limenyooshwa, begi limejaa sampuli. Analo lengo la mauzo la mwezi ambalo hakulipanga yeye. Anajua jina la mtoto wako na mwaka anaomaliza darasa la saba. Na ukweli unaouma: kwa daktari aliyeko mbali, huyu anaweza kuwa mtu pekee aliyefika mwaka mzima kumweleza kuhusu dawa mpya. Ili leseni ihuishwe, daktari anahitaji pointi za mafunzo endelevu. Hospitali haina fungu la semina. Kampuni inalo, pamoja na ukumbi, chakula cha mchana, kalamu na daftari. Nilihudhuria semina moja ya aina hiyo. Mada ilikuwa matibabu ya presha kwa ujumla, na mtoa mada alijitahidi kuwa muungwana, lakini kila mfano aliotoa ulikuwa na rangi ya kalamu tuliyopewa mlangoni.

Kalamu ina uzito gani? Hili ndilo eneo ambalo watu wazima wenye digrii wanajidanganya kwa urahisi kuliko wote. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliwauliza madaktari walio mafunzoni kama zawadi na ziara za kampuni zinabadilisha wanavyoandika dawa. Asilimia 61 walisema hapana, si mimi. Walipoulizwa kuhusu wenzao, ni asilimia 16 tu walioamini kwamba wenzao nao hawaguswi. Nyani haoni kundule. Halafu mwaka 2016 ukaja uchambuzi wa madaktari karibu 280,000 wa huko, uliowezekana kwa sababu sheria ya mwaka 2010 inazilazimisha kampuni kutangaza hadharani wanachowapa madaktari. Hata mlo mmoja tu, ambao kwa wastani haukufika dola 20, uliendana na daktari kuandika zaidi dawa yenye jina la kibiashara ya kampuni iliyomlisha, na milo ilivyoongezeka ndivyo vyeti vilivyoongezeka. Uchambuzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba pilau ndiyo iliyoandika cheti. Huenda mwakilishi huwaalika wale wanaompenda tayari. Lakini kampuni hazina sifa ya kutoa vyakula kwa miaka na miaka bila kuona faida.

Kwetu kuna kingine kinachofanya zawadi ndogo iwe na nguvu. Mnyamwezi aliyepokelewa kwako na kulishwa haondoki bila deni moyoni. Tumelelewa hivyo na sitaki tulelewe vingine. Rushwa ya bahasha daktari mwaminifu ataikataa, ataikasirikia. Ukarimu hawezi kuukasirikia. Ndiyo maana kalamu ni hatari zaidi kuliko bahasha: haimlazimishi ajione mbaya.

Tena gharama haiishii kwa aliyemeza. Mikoa yetu miwili imekuwa ikipokezana nafasi mbaya kwenye malaria: utafiti wa taifa wa 2017 ulikuta karibu robo ya watoto wadogo wa Kigoma wana vimelea, na ule wa 2022 ukaikuta Tabora juu kabisa, asilimia 23. Januari 2006 Shirika la Afya Duniani liliziomba kampuni ziache kuuza vidonge vya atemisinini peke yake, kwa sababu bila dawa mwenza vimelea hujifunza kuishinda. Baadhi zilikubali, nyingine ziliendelea kuuza, maana kilikuwa kidonge kizuri kutangaza: homa inashuka upesi. Kilichokuwa kikitumiwa kutengeneza sifa hiyo ni akiba ya watoto watakaougua miaka ijayo. Mwishoni mwa mwaka ule ndipo Tanzania ilipoanza kuhamia dawa mseto, ALu. Antibayotiki ziko kwenye njia hiyohiyo. Tangu 2017 Shirika hilo limezigawa makundi, na seftriaksoni, sindano ambayo mgonjwa wa Tabora anaijua kuliko jina la diwani wake, iko kwenye kundi la kutumiwa kwa uangalifu. Hakuna tangazo la sindano litakalokuambia "itumie kwa nadra". Bidhaa gani inajitangaza hivyo?

Siamini kwamba dawa ya haya ni kuwafungia wawakilishi mlango. Mwaka 1983 Jerry Avorn na Stephen Soumerai walichapisha jaribio la kupendeza huko Marekani: waliiba mbinu. Waliwatuma wafamasia waliofundishwa kwenda kwa madaktari ofisini, ana kwa ana, na vipeperushi vyenye picha nzuri, kama wawakilishi kabisa, isipokuwa hawakuuza chochote, walibeba ushahidi. Uandishi usiofaa wa dawa walizozilenga ulipungua kwa asilimia 14 ukilinganisha na madaktari wasiotembelewa, huku waliopelekewa vipeperushi tu wasibadilike. Mfamasia wa wilaya mwenye pikipiki, mafuta na nusu siku kwa wiki angeweza kuifanya kazi hiyo kutoka Urambo hadi Kaliua. Mwongozo wa Matibabu wa Taifa upo, unaelekeza daktari aandike jina la dawa na si la kampuni, lakini mwongozo haushuki kwenye basi wala haujui jina la mtoto wako.

Na kitu kimoja ningekidai kwenye kila kipeperushi kinachoingia hospitali ya umma: bei ya mwezi mmoja, ikiandikwa kwa herufi kubwa kama ile namba ya mbele, pamoja na bei ya dawa inayofanana nayo iliyo nafuu. Katika vipeperushi vyote nilivyopata kuvishika sikumbuki kuona bei hata kimoja.

Daktari alipokea simu baada ya kuita mara mbili. Nikamweleza. Akacheka, bila ubaya wowote. "Aa, mpe yoyote. Hilo jina limenikaa tu mkononi." Kisha akauliza, "Kwani hiyo niliyoandika ni shilingi ngapi?" Nikamtajia. Kukawa kimya, nikasikia sauti za wagonjwa nyuma yake. "Kwa mwezi?" akauliza.

Nilimwekea mzee vidonge thelathini kwenye bahasha. Hakuvichukua. Aliligeuza boksi vilimotoka, likawa halina picha yoyote, akaniuliza kama kweli daktari kasema au nimesema mimi. Ikabidi nipige tena, nikapitisha simu kati ya nondo za dirisha, wakasalimiana wenyewe kwa Kinyamwezi.